Kadi ya kliniki na jezi ya taifa: fundo la umri katika timu za vijana

Kadi ilikuwa imekunjwa mara nne na kutiwa ndani ya mfuko wa nailoni, ule wa kufungia karanga. Mama aliifungua taratibu juu ya goti lake, pembeni ya kiwanja chetu hapa Ujiji, Kigoma, vijana wakimalizia mazoezi ya jioni na vumbi limewapanda hadi magotini. Maji yalishawahi kuigusa kadi ile. Wino wa bluu umesambaa, lakini tarehe inasomeka: 11/1/2009.

"Kocha, hebu nisomee wewe," akaniambia. "Wanasema mwanangu amezidi umri. Amezidije, na kadi hii hapa?"

Mwanawe ni beki wa kushoto, mwepesi, mwenye krosi ambayo sijaiona kwa kijana mwingine wa rika lake mtaani kwetu. Aliitwa kwenye mchujo wa vijana chini ya miaka 17, akacheza vizuri siku mbili, siku ya tatu akarudishwa nyumbani. Karatasi za shule zilionyesha amezaliwa 2008. Hakuna aliyemwambia lolote zaidi ya hapo. Alirudi na begi lake, akakaa siku nne bila kugusa mpira.

Nimefundisha watoto kwenye kiwanja hiki kwa miaka mingi. Wazazi wanaonifuata hawaniulizi habari za mbinu wala mfumo wa uchezaji. Wananiuliza umri: unahesabiwaje, unapimwaje, na kwa nini mtoto wa jirani anaonekana ana ndevu na bado anacheza. Ni jambo lenye nyuzi nyingi zilizosokotana, na ninaona ni haki yao kuelezwa uzi mmoja mmoja.

Hesabu ya miaka 17

Watu husikia "chini ya miaka 17" wakadhani kijana akishatimiza miaka 17 safari yake na Serengeti Boys, timu ya taifa ya umri huo, imekwisha. Sivyo. Kinachoangaliwa ni mwaka aliozaliwa. Kwa fainali za 2017, aliyeruhusiwa ni yule aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2000 au baada yake. Kwa 2019 ilikuwa 1 Januari 2002. Chukua mwaka wa fainali, toa 17, umepata mwaka wako. Kwa 2026 unapata 2009.

Maana yake ni kwamba kijana wa huyu mama, kama kadi inasema kweli, kwa mashindano ya 2026 yumo ndani kabisa, tena akiwa ameshatimiza miaka 17 tangu Januari. Mwenzake aliyezaliwa siku kumi na mbili kabla yake, tarehe 30 Desemba 2008, yuko nje. Kwenye kiwanja huwezi kuwatofautisha hata kidogo. Na aliyezaliwa Desemba 2009, ambaye kwa hesabu ya mpira ni rika moja na wa Januari, yeye amepungukiwa miezi kumi na moja ya kukua. Kwenye umri ule miezi kumi na moja ni mabega, ni kasi, ni sauti iliyovunjika. Makocha wengi huchagua mabega bila kujijua. Mimi pia nimelifanya kosa hilo. Tangu nilipolitambua, huwa naandika mwezi wa kuzaliwa pembeni ya kila jina kwenye daftari langu kabla sijasema nani mdogo na nani mzembe.

Kuna bahati nyingine iliyojificha kwenye kalenda. Zamani Kombe la Dunia la vijana hawa lilichezwa kila baada ya miaka miwili, miaka ya witiri. Aliyezaliwa 2000 aliifikia fainali ya 2017 akiwa mkubwa kabisa wa rika lake. Aliyezaliwa 2001 aliifikia akiwa na upungufu wa mwaka mzima, na fainali ya 2019 ilipofika alishapitwa. Waliozaliwa 2004 wakakosa zamu yao ya kuwa wakubwa wa rika, maana fainali za 2021 zilifutwa kwa sababu ya UVIKO-19. Hilo sasa limerekebishwa. Kuanzia 2025 FIFA imeyafanya mashindano hayo kuwa ya kila mwaka, yakichezwa Qatar miaka mitano mfululizo, timu 48, na Afrika imepewa nafasi 10. Kwa watoto wa leo mlango umepanuka kuliko ulivyowahi kuwa. Na kwa sababu hiyo hiyo, kijana anayerudishwa kwa karatasi mbovu anapoteza zaidi.

Kinachoonekana ndani ya mkono

Uzi wa pili ni kipimo. Mitaani watu husema "wanapimwa mifupa", na maneno hayo yamezaa hofu nyingi. Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kama mtoto atachomwa sindano ya mfupani. Hapana. Kijana anaingiza mkono kwenye mashine ya MRI, inayofanya kazi kwa sumaku, haina mionzi kama eksirei wala haina maumivu. Picha inachukuliwa kwenye kifundo cha mkono.

Daktari anatafuta kitu kimoja. Mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba una, karibu na ncha yake, tabaka la gegedu ambalo ndilo mfupa unakolia urefu. Mtoto akiwa anakua, tabaka hilo linaonekana wazi kama mstari uliotenganisha ncha na mfupa wenyewe. Kadiri anavyokaribia utu uzima, mstari unajifunga, mwisho unatoweka na mfupa unakuwa kitu kimoja. Madaktari wamegawa safari hiyo katika hatua sita. Aliyefika ya sita, mstari umefutika kabisa, hesabu yao inasema ni nadra sana kijana ambaye hajatimiza miaka 17 kufika hapo, chini ya mmoja katika kila vijana mia. Huyo anaondolewa. FIFA ilianza kukitumia kipimo hiki kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009 kule Nigeria, na mashirikisho ya Afrika yakakifuata.

Naomba hapa tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. MRI haisemi kijana amezaliwa lini. Inasema tu kama mfupa umefunga au haujafunga. Kuna vijana wa miaka 18 na 19 ambao mstari wao bado upo. Hao watapita salama ingawa wamezidi. Na kijana mmoja mmoja, kwa nadra, anaweza kufunga mapema akaondolewa akiwa mkweli. Kwa wasichana hakitumiki, kwa sababu mifupa yao hufunga mapema zaidi. Na kwa Ngorongoro Heroes, vijana wa chini ya miaka 20, hakisaidii kitu, maana umri huo mifupa ya wengi imeshafunga. Huko kinachobaki ni karatasi peke yake.

Kwa hiyo kipimo kinawakamata vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, wale waliopitiliza. Mwanzoni mwa 2023, Cameroon iliwapima wachezaji 30 wa kikosi chake cha chini ya miaka 17, wakaanguka 21. Ilikuwa ni nchi yenyewe iliyoamua kuwapima watoto wake kabla hawajaingia mashindanoni, na naliheshimu jambo hilo. Lakini waliobaki kwenye ukungu, wale wa mwaka mmoja au miwili ya ziada, wanakamatwa kwa njia nyingine, nayo ni tarehe mbili za mtu mmoja.

Sisi tumekatwa, na sisi tumebebwa

Sheria ni msumeno, na Tanzania imeuonja pande zote.

Mwaka 2004 Serengeti Boys waliitoa Zimbabwe wakafuzu fainali za Afrika za 2005 nchini Gambia. Nakumbuka jinsi redio zilivyopamba moto. Kisha ikathibitika kwamba tulimchezesha mchezaji aliyezidi umri. Tukaondolewa, Zimbabwe wakaenda Gambia kwa nafasi yetu. Kikosi kizima cha vijana, waliokuwa wa umri halali nao wakiwamo, kilikosa fainali kwa ajili ya mtu mmoja. Naliona hilo kuwa chungu kuliko yote katika suala hili. Adhabu ya kijeba huwaangukia wenzake.

Miaka kumi na miwili baadaye msumeno ukarudi upande wa pili. Kuwania fainali za Afrika za 2017 tulicheza na Congo Brazzaville. Dar es Salaam tukashinda 3-2, kwao tukafungwa 1-0, wakapita kwa bao la ugenini. TFF, shirikisho letu la soka, ilikuwa imelalamikia umri wa mchezaji wao mmoja. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaagiza apimwe MRI, hakutokea. Congo ikaondolewa mwanzoni mwa 2017, na vijana wetu chini ya kocha Bakari Shime wakaenda Gabon.

Huko hawakwenda kutalii. Walitoka 0-0 na Mali, ambao ndio walioondoka na ubingwa. Wakaifunga Angola 2-1. Wakabaki na mechi moja dhidi ya Niger, na sare ilitosha kuwapeleka nusu fainali na Kombe la Dunia India. Wakafungwa 1-0. Pointi nne kwa nne na Niger, tofauti ya mabao sawa, Niger wakapita kwa kuwa walitufunga. Nahodha wa kikosi kile alikuwa Dickson Job, na ndani yake walikuwamo Kibwana Shomari na Nickson Kibabage, majina ambayo baadaye kila shabiki wa Ligi Kuu ameyazoea. Wale walikuwa vijana wa umri halali kweli, na ushahidi ni kwamba waliendelea kukua mbele ya macho yetu. Kijeba hung'ara akiwa na wadogo, kisha akishafika kwa wakubwa wenzake anapotea.

Mwaka 2019 fainali za Afrika zilikuja nyumbani, Dar es Salaam. Tulifungwa zote tatu, 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola. Lakini kwa habari ya umri, la kujifunza kwenye fainali zile lilikuwa kwa Guinea. Walifika fainali, wakafungwa na Cameroon kwa penalti, tiketi ya Kombe la Dunia wakawa nayo mkononi. Baadaye ikaonekana wachezaji wao wawili waliwahi kusajiliwa kwa tarehe nyingine za kuzaliwa kwenye mashindano ya nyuma huko Japani. Guinea wakaondolewa, Senegal wakaenda Brazil. Kilichowaangusha ni karatasi mbili zisizosema jambo moja.

Na hapo ndipo ninaporudi kwa beki wangu wa kushoto.

Mwaka ulioongezwa kwa nia njema

Nilimuuliza mama 2008 ilitoka wapi. Akanyamaza kidogo, akajieleza bila kuficha. Kaka yake kijana alikuwa anaanza darasa la kwanza, na mdogo hakukubali kubaki nyumbani. Alilia, akamfuata hadi shuleni. Mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda Kibirizi kununua dagaa, hakuna wa kumwachia. Akaomba waandikishwe wote. Ili mdogo akubalike, mwaka ukasogezwa nyuma mmoja. Hakuna aliyefikiria mpira siku ile. Tangu hapo 2008 imemfuata kwenye rejista, kwenye namba yake ya mwanafunzi, ile ya PREM, kwenye fomu za mitihani, hadi kwenye karatasi aliyopeleka mchujoni.

Kwa jicho la mkaguzi, mtoto huyu ana tarehe mbili, sawasawa na wale wawili wa Guinea. Mwenye nia mbaya hupunguza miaka ili acheze. Mama huyu aliongeza mwaka ili mwanawe asome. Karatasi hazionyeshi nia. Zinaonyesha tofauti, basi.

Na si yeye peke yake. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, ni watoto kama 26 tu katika kila 100 walio chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa kwao, na wenye cheti mkononi walikuwa wachache zaidi. Watoto wale wa chini ya miaka mitano wakati ule ndio hawa wanaofikia umri wa Serengeti Boys sasa. Wengi wa rika hili waliingia maishani bila karatasi, kisha kila taasisi ikawaandikia tarehe yake: kliniki moja, shule moja, msikiti au kanisa moja. Siku hizi RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wanasajili watoto wachanga karibu zaidi na wananchi, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na wadogo zao watakuwa na nafuu. Kwa hawa wakubwa kazi ni ya mikono.

Huku kwetu kuna fundo la ziada. Kigoma ni mkoa wa mpakani. Ng'ambo ya ziwa ni Congo, kaskazini ni Burundi, na familia nyingi za Ujiji zina bibi upande ule. Mtoto wa mzazi Mtanzania ni Mtanzania, hilo halina mjadala, ila mara nyingi anatakiwa kulionyesha kwa nguvu kuliko mwenzake wa Morogoro. Kule Ulyankulu, Tabora, wapo vijana ambao wazazi wao walipewa uraia 2014 pamoja na wakimbizi wa zamani wa Burundi zaidi ya 160,000. Nao ni wetu kwa sheria. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachowaondolea maswali mapema, kabla ya siku ya pasipoti.

Njia ya kutoka mwisho wa reli

Mzazi anayeuliza "mwanangu atafikaje" anastahili kujibiwa wazi. Njia kubwa ya mtoto wa mkoani ni michezo ya shule: UMITASHUMTA kwa msingi, UMISSETA kwa sekondari, ambako skauti huketi jukwaani. Njia nyingine ni timu za vijana ambazo klabu za Ligi Kuu zinatakiwa kuwa nazo. Njia ya tatu ni vituo vya kulelea vipaji, kama Alliance ya Mwanza, ambavyo vina mtu wa kushughulikia karatasi na ndiyo maana watoto wao hupita michujo kwa urahisi. Mtoto wa mtaani hana mtu huyo. Ana mama na kocha.

Na michezo ya shule ina mtego wake. Mtoto aliyechelewa kuanza darasa la kwanza anafika kidato cha tatu akiwa na miaka 18. Kwa shule ni mwanafunzi halali, anang'ara UMISSETA, watu wanamshangilia, kumbe kwa Serengeti Boys muda umeshapita. Hapo hakuna aliyedanganya. Ni saa mbili zinazokwenda kwa kasi tofauti. Ndiyo maana namwambia kila mzazi: usingoje kidato cha tatu, mtoto aonekane akiwa kidato cha kwanza au cha pili.

Kwa vipaji, Kigoma haina cha kuonea haya. Juma Kaseja ametoka hapa. Mashujaa waliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho 2018 wakiwa timu ya madaraja ya chini, na tangu msimu wa 2023/24 wako Ligi Kuu, wakicheza Uwanja wa Lake Tanganyika. Uwanja huo huo ndio uliochezewa fainali ya Simba na Yanga ya Julai 2021. Mtoto wa Mwanga na Ujiji sasa anauona mpira mkubwa kwa miguu yake mwenyewe. Umbali uliobaki ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli hadi Dar es Salaam, pamoja na bahasha ya karatasi.

Na nisiwasahau wasichana, maana wao ndio waliofika tulikokukosa. India ile ile iliyowaponyoka wavulana kwa bao moja, Serengeti Girls waliikanyaga 2022, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Hawakupimwa mkono. Waliruhusiwa kwa vyeti vyao. Mzazi mwenye binti anayecheza ashike hilo: kwa binti, karatasi ndiyo kila kitu.

Jumatatu

Jumatatu iliyofuata nilikwenda na yule mama na kijana wake kwenye kituo cha afya alikojifungulia. Tulikuwa tumeshapita bomani, tukaambiwa kwamba kwa aliyevuka miaka kumi uchunguzi huwa mkubwa zaidi, kadi pekee haitoshi ikiwa shule inasema kingine, na tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali ya kuonyesha mtoto amezaliwa, lilishapotea katika kuhama nyumba. Jina pia lilitusumbua: kwenye kadi lina herufi "i" mwishoni, shuleni halina.

Muuguzi wa zamu alitusikiliza, akaingia stoo, akatoka na madaftari matatu makubwa yenye majalada ya kijani yaliyoliwa pembe na mende. La pili lilikuwa la 2009. Akafungua Januari, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Tarehe 9. Tarehe 10. Kwenye 11 walikuwa wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja. Jina la mama likawa lake, mtaa ukawa wake.

"Mama, umemwona mwanao?" akauliza.

Mama hakujibu. Kijana ndiye aliyeinama juu ya daftari, mikono nyuma kama aliyeambiwa asiguse, akasoma safu ya mwisho kwa sauti ya chini: kilo tatu na gramu mia mbili. Muuguzi akaanza kuandika barua, akauliza jina liwe na "i" au lisiwe nayo.

"Iwe nayo," mama akasema. "Ndivyo nilivyompa."